Usipike Chungu Chako Peke Yako

Akina mama wapendwa, mwezi huu tunazungumzia shinikizo la damu, au kama tulivyozoea kusema mitaani, presha. Si ugonjwa mgeni kwetu. Wengi wetu tuna mzazi, shangazi au jirani aliyewahi kuambiwa kuwa presha yake iko juu. Na wengi wakitoka hospitali hutuuliza swali lilelile: "Nimeambiwa nipunguze chumvi na nifanye mazoezi. Nitafanyaje, na mimi napikia watu sita?"

Tutalijibu kwa kueleza yaliyompata mama mwenzetu mmoja. Ametupa ruhusa ya kueleza habari zake, ila jina lake tumeliacha.

Kila Jumapili ya mwisho wa mwezi, baada ya ibada, sisi wauguzi wachache wa usharika wetu hapa Morogoro huweka meza chini ya mwembe na kupima presha bila malipo. Jumapili moja alikuja mama wa miaka 44, mwenye watoto wanne. Hakuja kwa kuwa anaumwa. Alikuwa anamsubiri mumewe aliyekuwa kwenye kikao cha wazee wa kanisa, akaona apitishe muda. Mashine ikaonyesha 168 kwa 102. Tukampumzisha kitini, kisha tukapima tena mkono uleule. Ikaja 164 kwa 100.

"Sista, mashine yenu mbovu," alisema akicheka. "Mimi leo nimeimba ibada mbili. Mtu mwenye presha anaimba hivi?"

Kicheko kilikwisha tulipomwuliza kama nyumbani kwao kuna aliyewahi kuugua ugonjwa huu. Mama yake mzazi alianguka bafuni akiwa na miaka 56. Alipata kiharusi, akalala kitandani miaka miwili bila kusema neno. Binti huyu ndiye aliyekuwa akimgeuza, akimwogesha na kumlisha uji kwa kijiko. "Na yeye," alisema taratibu, "siku ile asubuhi alikuwa anafagia uwanja. Hakuwa anaumwa."

Juma lile alikwenda kituo cha afya, akapimwa tena kwa siku mbili tofauti. Presha ilikuwa bado juu. Akaandikiwa vidonge, na sisi tukamkazia: "Mama, punguza chumvi, punguza mafuta, fanya mazoezi." Akaitikia vizuri, akaenda zake.

Baada ya majuma matatu alirudi mezani kwetu uso umemshuka. Presha ilikuwa imeshuka kidogo tu. Alikuwa amenunua sufuria dogo la kwake. Kila jioni alipika chakula cha nyumba kama kawaida, kisha akajichemshia mchicha wake bila chumvi wala kitunguu, akala pembeni. Watoto walimwangalia. Mumewe alimwuliza kama amekatazwa kula na watu. "Sista, nimeshindwa," alisema. "Nakula kama mfungwa ndani ya nyumba yangu. Afadhali nife nimeshiba."

Hapo tulitambua kwamba kosa lilikuwa letu. Tulimpa maagizo ya maneno machache huku foleni ikingoja, wala hatukumwuliza anapikia nani, anapika nini, na chumvi inaingia chunguni kwa njia zipi. Tulimwomba radhi. Jumatano iliyofuata tukamtembelea nyumbani, tukaingia naye jikoni.

PRESHA NI NINI?

Kabla hatujafika jikoni, hebu tueleze jambo lenyewe. Damu inapopita kwenye mishipa huisukuma kuta zake, na nguvu ya msukumo huo ndiyo presha. Kila mtu anayo, na bila hiyo hatuishi. Namba ya juu ni msukumo wakati moyo unapopiga, na ya chini ni wakati moyo unapopumzika kati ya pigo na pigo. Kwa mtu mzima, 120 kwa 80 au pungufu kidogo ni hali nzuri. Ikipimwa siku mbili tofauti na ikawa 140 au zaidi kwa namba ya juu, au 90 au zaidi kwa namba ya chini, huo ni ugonjwa wa presha ya kupanda.

Chumvi inahusikaje? Chumvi hushika maji mwilini. Mtu anapokula chumvi nyingi kuliko figo zake zinavyoweza kutoa, maji huongezeka ndani ya damu, na mishipa hubeba mzigo zaidi. Fikirini mpira wa kumwagilia bustani: ukifungua bomba zaidi, mpira hukaza. Mishipa inayokazwa hivyo miaka mingi huwa migumu, moyo huchoka, figo huharibika, na siku moja mshipa wa kichwani huziba au kupasuka. Mara nyingi mwenyewe hasikii lolote. Presha haipigi hodi.

Watu husema presha ni ugonjwa wa mawazo, au ni ugonjwa wa ukoo tu. Ni kweli kwamba ukoo una sehemu yake. Lakini mwaka 1990 jarida la madaktari la Uingereza lilitoa taarifa ya utafiti uliofanyika hapa kwetu Afrika Mashariki. Watafiti waliwafuatilia Wajaluo waliohama vijiji vya kando ya Ziwa Victoria kwenda kuishi Nairobi, wakawalinganisha na wenzao waliobaki kijijini. Hao ni watu wa kabila moja na asili moja. Waliohamia mjini presha zao zilikuwa juu zaidi, na tofauti ilianza kuonekana mapema baada ya kufika. Mkojo wao ulionyesha kuwa walikula chumvi zaidi, na walipata kidogo zaidi ile madini iitwayo potasiamu, ambayo hupatikana katika mboga, matunda na kunde. Uzito wao pia ulikuwa mkubwa zaidi.

Hawakubadili ukoo njiani. Walibadili chakula na maisha. Na kama kubadili chakula kunaweza kupandisha presha, basi kubadili chakula kunaweza pia kuishusha.

TUMEINGIA JIKONI

Tulimwomba mama yule apike kama siku zote, sisi tukakaa kigodani tukitazama. Maharage yalipikwa kwa magadi ili yaive upesi. Chumvi ikaingia kwenye maharage, kisha kwenye mchicha. Mchuzi wa dagaa ukatiwa kiungo cha pakiti, halafu chumvi juu yake, na dagaa wenyewe walikaushwa kwa chumvi. Mezani palikuwa na kikopo cha chumvi, na mtoto wa pili alinyunyiza kabla hata hajaonja.

Mama alishangaa. Alidhani anatia chumvi mara moja, kumbe ilikuwa inaingia kwa milango mitano au sita. Magadi hayana ladha ya chumvi, lakini yana sodiamu, kitu kilekile kilichomo katika chumvi kinachopandisha presha. Viungo vingi vya pakiti navyo ni chumvi kwa sehemu kubwa. Mkate una chumvi, na ng'onda na papa wakavu wana chumvi nyingi sana.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani pungufu kidogo ya kijiko kimoja cha chai, na hapo imehesabiwa chumvi yote, hata ya kwenye mkate. Watoto wanahitaji chini ya hapo. Lakini nani anapima gramu jikoni? Tukamfundisha njia rahisi, nanyi mnaweza kuifuata.

Chukua pakiti mpya ya chumvi ya nusu kilo, uandike juu yake tarehe uliyoifungua. Nyumba ya watu sita, kwa gramu 5 kila mmoja, hutumia gramu 30 kwa siku, hivyo pakiti ingepaswa kufika karibu siku 17. Nyumba ya watu wanne, siku 25. Ikiwa pakiti inakwisha kabla ya hapo, na hutumii chumvi hiyo kwa kazi nyingine, basi mnakula zaidi ya kipimo, tena hapo hatujahesabu magadi wala dagaa. Pakiti ya mama yule ilikuwa inakwisha siku ya 9. Maana yake ni gramu 9 na zaidi kwa kila mtu kila siku, akiwamo mtoto wa miaka saba.

Hapo ndipo aliposema neno ambalo tungependa kila mama alikumbuke: "Kumbe si mimi ninayeumwa. Ni chungu."

KUPUNGUZA BILA VITA NYUMBANI

Tulikubaliana sufuria dogo lirudi kabatini. Kungekuwa na chungu kimoja kwa nyumba nzima, lakini mabadiliko yawe ya polepole. Ulimi hujifunza. Ukiondoa chumvi yote leo, kesho baba anasukuma sahani. Ukipunguza kidogo kila baada ya juma moja au mawili, ulimi huzoea bila kutambua.

Juma la kwanza aliondoa kikopo mezani, basi. La pili aliacha magadi: maharage aliyaloweka usiku kucha na kumwaga maji yale asubuhi, yakaiva vizuri na mkaa haukuongezeka sana. La tatu aliacha kiungo cha pakiti, na badala yake akatumia kitunguu, kitunguu swaumu, tangawizi, nyanya, giligilani, bizari na pilipili manga. Ndimu aliikamua mwishoni chungu kikiwa kimeepuliwa, kwa kuwa ukali wa ndimu huufanya ulimi usiitafute chumvi. Dagaa aliwaloweka na kumwaga maji mara mbili. Baada ya hapo ndipo alipoanza kupunguza chumvi yenyewe, akipimia kwa kijiko na si kwa vidole.

Chumvi aliyobaki nayo ni ile yenye madini joto. Tunasisitiza jambo hili, maana wapo wanaokimbilia chumvi ya mawe wakidhani haina madhara. Kwa presha ni ileile, na ikiwa haina madini joto watoto wetu wanaweza kupata tezi la shingo. Tumia kidogo, lakini iwe yenye madini joto.

Kupunguza ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuongeza. Mwaka 1997 huko Marekani ilitolewa taarifa ya utafiti wa watu wazima 459. Kundi moja lilipewa mlo wenye matunda na mboga nyingi, maziwa yaliyopunguzwa mafuta, na mafuta kidogo, bila kupunguziwa chumvi. Katika majuma nane, wale wenye presha walishuka namba ya juu kwa wastani wa 11 na ya chini kwa zaidi ya 5. Mwaka 2001 taarifa nyingine ya watafiti hao ilionyesha kuwa chumvi ikipunguzwa pia, presha hushuka zaidi.

Msiogope kusikia Marekani. Vyakula vyenyewe vipo sokoni kwetu, tena vya bei nafuu: mchicha, matembele, kisamvu, majani ya maboga, maharage, kunde, choroko, ndizi, mapapai, machungwa, parachichi na viazi vitamu. Mama yule alianza kugawa sahani hivi: nusu mboga za majani, robo ugali au wali, robo maharage au samaki. Mafuta akaacha kumimina kutoka kwenye dumu, akapima kwa kijiko cha chakula. Soda ikabaki kuwa ya sikukuu.

Tahadhari moja: mwenye ugonjwa wa figo, au anayetumia dawa zinazozuia potasiamu kutoka mwilini, asiongeze vyakula hivi wala asinunue chumvi mbadala yenye potasiamu kabla ya kumwuliza daktari wake.

MAZOEZI KWA MAMA ASIYE NA MUDA

Tulipotaja mazoezi, mama alituangalia kwa huruma. "Sista, mimi naamka saa kumi na moja. Nikimbie saa ngapi?"

Ni kweli, mama anayelima na kuchota maji ana mazoezi tayari. Lakini tuseme ukweli: uchovu si mazoezi. Mama huyu alipanda daladala hadi kwenye genge lake, akakaa juu ya stuli mpaka jioni, akarudi kwa daladala. Alichoka kweli, ila miguu yake haikuwa imefanya kazi.

Kinachohitajika ni dakika 150 kwa juma za mwendo wa haraka, yaani dakika 30 kwa siku tano. Waweza kuzigawa, 15 asubuhi na 15 jioni. Kipimo cha mwendo ni rahisi: uweze kuzungumza, lakini usiweze kuimba. Mwanakwaya wetu alikipenda sana kipimo hicho. Akaanza kwenda gengeni kwa miguu, dakika 25, akiwa na jirani yake, na kurudi kwa daladala kwa sababu ya mizigo. Mwenye maumivu ya kifua, au anayeishiwa pumzi kwa mwendo mfupi, aonane na daktari kwanza.

Maneno yalikuja. Wengine walisema biashara imeanguka, hana hata nauli. Alipopungua kilo nne, shangazi wa mumewe alimwita pembeni akamwuliza kama nyumbani kuna amani, na mwingine akanong'ona kuwa ana ugonjwa. Akina mama, tunalijua jambo hili. Kwetu mke akinenepa husemwa anatunzwa, na akipungua husemwa anateswa. Lakini kwa mwenye uzito uliozidi, kila kilo inayopungua hushusha namba ya juu kwa karibu 1. Mama yule alimjibu shangazi kwa heshima: "Shangazi, namkumbuka mama yangu alivyolala miaka miwili. Sitaki wanangu wanigeuze mimi." Shangazi hakuuliza tena, ila wiki iliyofuata alikuja mezani kwetu kupimwa.

VIDONGE USIVIACHE

Katikati ya safari hii jirani mmoja alimshauri aache vidonge, kwa kuwa sasa anakula vizuri na anatafuna kitunguu swaumu. Alitaka kukubali, maana alijisikia mzima. Tulimkumbusha kuwa hata siku ya 168 kwa 102 alijisikia mzima. Kitunguu swaumu ni kiungo kizuri jikoni, lakini hakichukui nafasi ya dawa. Chakula, miguu na vidonge hufanya kazi pamoja, na anayeweza kupunguza vidonge ni daktari aliyeona vipimo.

Kwa walio katika umri wa kuzaa, zingatieni mambo haya. Vidonge vya uzazi wa mpango vinaweza kupandisha presha kwa baadhi yetu, hivyo pimeni kabla ya kuanza na mkiendelea kuvitumia. Baadhi ya dawa za presha hazifai wakati wa ujauzito. Ukitambua una mimba, au ukipanga kuipata, mweleze daktari mapema, wala usiache dawa mwenyewe. Na mjamzito mwenye presha asijitibu kwa chakula nyumbani. Akiumwa kichwa sana, akiona ukungu, akiumwa juu ya tumbo au akivimba uso ghafla, aende hospitali saa hiyohiyo, maana hizo ni dalili za kuelekea kifafa cha mimba.

Vivyo hivyo mtu yeyote akipinda mdomo, akilegea mkono au mguu upande mmoja, au maneno yakimkwama ghafla, msimpake mafuta wala msingoje asubuhi. Ni kiharusi, na kila dakika ina thamani.

MWISHO WA MAMBO

Miezi minne baadaye presha ya mama yule ilikuwa 136 kwa 86, naye bado anameza kidonge chake kila asubuhi. Hatuwezi kusema kidonge kilishusha kiasi gani na chungu kiasi gani. Tunachojua ni kwamba pakiti ya chumvi sasa inafika siku ya 18.

Mumewe je? Kwa miezi miwili hakujua kuwa chumvi imepungua. Alijua siku ya harusi ya mtoto wa jirani, alipoonja pilau akamnong'oneza mkewe: "Hawa leo wamemwaga chumvi?" Mama akacheka mpaka machozi yakamtoka. Jumapili iliyofuata alimleta mume mezani kwetu. Presha yake ilikuwa 150 kwa 94, naye pia hakuwa anasikia lolote. Tukampa maelekezo ya kwenda kituo cha afya. Lakini kwa upande wa chakula alikuwa ameshaanza safari bila kujua, kwa sababu mkewe aliacha kupika chungu chake peke yake.

Basi mama mwenzetu, mwezi huu tunakuomba mambo matatu tu. Fungua pakiti ya chumvi na uandike tarehe. Ondoa kikopo mezani. Na umpeleke mwenzako mkapimwe pamoja. Mkapumzike dakika tano kabla ya kupimwa, mkae mmeegemea, miguu chini, mkono juu ya meza, bila kuzungumza. Mkiandika namba zenu kwenye daftari moja, mtakuwa mmeanza.

Mwezi ujao, Mungu akipenda, tutazungumzia kisukari, maana magonjwa haya mawili hupenda kukaa nyumba moja. Mbaki na amani.